Koti la mvua au poncho kwa hija ya Santiago?

Anayetembea kwenda Santiago de Compostela, Hispania, mwezi Oktoba au Novemba ajiandae kulowa, hasa akishaingia Galicia, jimbo la kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo. Poncho, lile vazi pana lisilo na mikono, humfunika mtu pamoja na begi lake la mgongoni, na hewa hupita chini yake, hivyo jasho halikai mwilini. Lakini kule O Cebreiro, kijiji cha mlimani kwenye njia hiyo, takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, upepo huirusha hadi usoni usione unapokanyaga. Koti haliyumbishwi na upepo, ila begi hutaka kifuniko chake, na hata hivyo maji hupenya upande wa mgongoni. Mimi nachagua koti, nguo kavu zikae ndani ya mfuko wa plastiki. Soksi za pamba ziache nyumbani kabisa: zikilowa hazikauki upesi, na malengelenge huanzia hapo.