Mashine ya kuwelda ya "ampia 200" na karakana ya uani: nini kina thamani ya hela, nini kelele tu

Boksi linasema 200, namba kubwa mpaka unaiona toka ng'ambo ya barabara, na muuzaji pale Gerezani, mtaa wa maduka ya vifaa hapa Dar, anakuapia kwamba hii baba unachomea hata chesisi ya fuso. Usibishane naye. Mwambie aitoe kwenye boksi, igeuze nyuma, kuna kakibati kadogo chenye jedwali, tafuta herufi X (muda wa kuchoma) na chini yake I2 (ampia zinazotoka). Hii niliyochukua mimi kakibati kanasema X 60% ni ampia 120, X 100% ni ampia 93. Basi mashine yako ndo hiyo, ya 120 siyo ya 200. Hiyo 60% maana yake kwenye dakika 10 unachoma 6 unaipumzisha 4, na kama unataka kuchoma bila kupumzika kabisa shuka kwenye 93. Jina la kampuni silitaji maana nimezikagua zote pale kwenye foleni ya maduka na mchezo ni ule ule, rangi ndo tofauti.

Sasa msije mkadhani naiponda. Naisifia. Nimelipa laki mbili na themanini, ina uzito wa kubeba begani na kamba yake, na kwa kazi za nyumbani, geti, grili za dirisha, kitanda cha chuma, stendi ya tenki, meza, ampia 120 za kweli zinatosha na zinabaki. Fimbo ya kuchomelea (elektrodi) ya milimita 2.5 (aina ya 6013 ile ya kawaida) inataka kama 60 mpaka 90 hivi kutegemea unene wa chuma, na skwea paipu zetu nyingi ni geji 16 au 18, yaani milimita 1.5 au 1.2, ukiweka hata 90 hapo unatoboa. Fimbo ya 3.2 ndo inaanza kuomba 100 kwenda juu, na ukifika huko ndo utajua kwanini nilikwambia usome kibati, itachoma vizuri kidogo halafu taa ya njano inawaka inakata, feni inaendelea kuzunguka, unasubiri. Haijafa, imechoka. Usiizime swichi wakati huo, acha feni ifanye kazi yake.

Kinachonifurahisha zaidi ni inavyowasha. Wale waliojifunzia zile mashine za zamani za koili, zile nzito za mafuta ambazo mafundi wa mtaani wanajisukia wenyewe, wanajua fimbo inavyoganda ukaanza kuitingisha kama unang'oa jino. Hii ina kitu cha kuzuia kuganda, ikiganda inapunguza moto yenyewe unaichomoa taratibu, na moto wake ni DC (umeme wa upande mmoja) kwa hiyo arki, ule mwali kwenye ncha ya fimbo, imetulia, hairukiruki. Mtu anayeanza atajifunza haraka kwenye invata kama hii kuliko kwenye koili. Ila koili ina sifa moja ambayo hii haina, haifi. Ile unaiacha nje mvua inanyesha kesho inawaka. Invata ndani ni bodi ya elektroniki, na adui yake namba moja siyo umeme wa kuruka kama wengi wanavyosema, ni vumbi la grenda. Feni inavuta hewa toka nyuma, ukiwa unasagia chuma mita moja kutoka hapo yale machenga yanaingia ndani yanakaa juu ya bodi, na machenga ya chuma yanapitisha umeme. Siku moja paa. Kwa hiyo mashine ikae upande mmoja, grenda upande wa pili, na mara moja moja ipulizie upepo mkavu wa kompresa ukiwa umechomoa umeme. Na Dar hii ukimaliza kazi ifunike, mijusi wanapenda joto la mle ndani, na mjusi akikaukia kwenye bodi garanti haimtambui.

Hapa kwenye umeme naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndo watu wanaunguza nyumba. Plagi yetu ya pini tatu ni ya ampia 13 tu. Piga hesabu, mashine ikitoa 80 kwa fimbo ya 2.5 inatoa kama volti 23, hiyo ni karibu wati 1,850, ongeza kinachopotea ndani inakula ukutani zaidi ya 2,200, bado soketi inavumilia kwa shida. Panda 120, umevuka wati 3,500, soketi ya ampia 13 imeshaanza kunuka. Halafu mtu anaongezea ekstensheni ile nyembamba ya kuchajia simu, ameizungusha bado iko kwenye koili yake, hiyo inageuka hita. Mwite fundi umeme akuvutie laini yako mwenyewe toka kwenye mein swichi, waya wa milimita 6, breka yake ya peke yake ya 32, soketi ya viwandani ile ya bluu, na ethi ya kweli iliyochimbiwa chini siyo waya umefungwa kwenye nondo ya ukuta. Kwangu hiyo ndo ilikuwa hela iliyouma kuliko zote baada ya mashine na ndo bora kuliko zote. Jioni umeme ukishuka mpaka 190 hivi mashine bado inawaka ila utaiona arki imelegea, siyo fimbo mbovu, pima volti kwanza.

Luku? Watu wanaogopa bure. Saa nzima ya moto kuwaka kweli kwenye ampia 80 ni uniti 2 na kidogo, na geti zima la mlango mmoja moto hauwaki saa nzima, muda mwingi unapima, unakata, unagonga maganda. Haifiki buku. Diski ya kukatia inakula zaidi. Labda tu kama upo ile tarifu nafuu ya watumiaji wadogo, ya uniti 75 kwa mwezi, uangalie usivuke, hapo ndo utalia.

Tuje kwenye grenda. Nina moja ndogo ya inchi 4 na nusu na sioni sababu ya mtu wa nyumbani kuanza na ile kubwa ya inchi 9, ile ni mnyama, ikikaba inakurusha. Grenda yenyewe nimechukua ya bei ya kati, ina swichi ya kubonyeza muda wote, ukiiachia inazima, hiyo ndo ningesisitiza kuliko wati. Zile za swichi ya kusukuma inakaa, ikikudondoka inaendelea kuzunguka chini inakutafuta miguu. Kinga yake ile ya nusu duara mafundi wengi wanaitoa siku ya kwanza wanasema inazuia kuona. Ni elfu 11 za mizunguko kwa dakika pale, diski ikipasuka haina adabu. Na diski zenyewe, angalia ile pete ya bati katikati kwenye tundu, imegongwa mwezi na mwaka, hiyo ni tarehe ya kuisha muda. Ndiyo, diski inaisha muda, gundi inayoshika yale machanga inachoka hasa kwenye unyevu wa huku pwani. Duka moja (silitaji) lilinipa pakti nzima iliyopita muda zaidi ya mwaka, nikamwonyesha kijana akashangaa kweli kweli, hajawahi kuisoma hiyo pete. Alinibadilishia. Diski nyembamba ya milimita 1 ni ya kukata tu, usisagie nayo kwa ubavu, za kusagia ni zile nene za milimita 6.

Kofia ya kujizima yenyewe, ile inayogeuka giza moto ukiwaka, nunua. Elfu 45 niliyotoa. Dukani ielekeze juani uone kama inabadilika, na hakikisha ina kitufe cha kurekebisha giza toka 9 mpaka 13, kwa fimbo ya 2.5 mimi nakaa kwenye 10. Uzuri wake mikono yote miwili inakuwa huru, unaona fimbo ilipo kabla hujawasha. Kijana aliyekuwa ananisaidia alikuja na miwani ya jua ya kawaida, ile ya Kariakoo ya elfu tatu, nikamwambia kaa mbali. Ile inakudanganya, mwanga unapungua machoni kwa hiyo unakodoa zaidi, mionzi inapita, na haiumi saa ile, inauma usiku saa saba macho yamejaa mchanga. Viazi mviringo vya kubandika machoni haviponyi hiyo kitu, vinapooza tu.

Na hapo hapo, yale mabomba ya kung'aa ya kupakwa zinki. Saga zinki yote itoke sentimita kadhaa pande zote kabla ya kuwelda, fanyia nje upepo ukupulizie kwa ubavu. Ule moshi mweupe unaleta homa ya jioni, baridi na mwili kuuma kama malaria, mtu anaenda kupima haoni kitu. Maziwa wanayokunywa mafundi ni matamu lakini moshi unaenda kwenye mapafu na maziwa yanaenda tumboni.

Kitu ninachokipa nyota zote ni jiliwa, ile vaisi ya mezani ya kubania chuma. Aisee. Mpya za bei chee zinazouzwa pale, zimepakwa rangi ya bluu nzuri, ni chuma cha kumiminwa kikavu, ipige nyundo nzito mara chache taya linapasuka, na skrubu yake ina mchezo, ukibana kipande kidogo taya linainuka. Nenda kwenye wauza used, ulizia za Kiingereza. Mimi nimepata Record ya inchi 4, ya Sheffield hiyo, namba 3 imegongwa ubavuni, ilikuwa na kutu mpaka haizunguki, nimeilowesha dizeli, nikaisugua, sasa inazunguka kwa kidole kimoja na ukibana kitu kimebanwa. Bei ilikuwa juu ya ile mpya ya bluu na sijutii hata senti. Watu wanakimbilia mashine wanasahau kwamba kazi ya vyuma robo tatu yake ni kushika, kupima na kukata, moto ni mwisho kabisa. Ukiwa na jiliwa nzito iliyofungwa kwa bolti kwenye meza nzito, msumeno wa mkono, tupa mbili na skwea ya kweli ya nyuzi 90, unafanya vitu vizuri hata kabla hujanunua mashine. Ukiwa na mashine bila jiliwa unatengeneza geti lililopinda.

Klampu hazitoshi kamwe. Nunua kila ukipita.

Drili ya mkono ya kawaida inafaa kwa matundu madogo, ila ukitaka milimita 10 kwenye flati baa nene ile spidi yake ya 2,800 inaunguza biti, unaona imegeuka bluu basi imekwisha. Tundu la 10 linataka kama 900 hivi. Gonga senta panchi kwanza, anza na biti ya 4, tone la oili, bonyeza kwa nguvu na spidi ndogo, chuma kitoke kimejikunja kama uzi siyo unga. Drili ya kusimama ya mezani bado sijanunua, ndo inayofuata nikipata pesa, hata ndogo.

Fimbo nazo, boksi likifunguliwa zifunge kwenye nailoni, weka kwenye kopo lenye mfuniko, hapa kwetu zinavuta unyevu halafu unalaumu mashine. 6013 inavumilia kiasi. Hizo 7018 ambazo mtu wa duka atakwambia ni kali zaidi achana nazo, zinataka oveni ya kukaushia, na geti la nyumbani haliombi hiyo.

Kuna wanaouliza kwanini sikuchukua MIG, mashine inayochomea kwa waya badala ya fimbo. Kwa bati nyembamba za bodi ya gari sawa, ila ya gesi inataka mtungi, na ukiwa unawelda uani upepo wa bahari unaipeperusha gesi yote, na ya waya wenye unga ndani isiyotaka gesi, waya wake bei yake kwa kilo siyo rafiki na hauupati kila duka. Fimbo unaipata mpaka duka la vifaa vya ujenzi la mtaani kwako. Ambaye hajawahi kabisa kushika fimbo apite chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe aulizie kozi fupi, mkono unanyooka haraka akiwa na mwalimu anayemwangalia. Garanti ya hii mashine ni mwaka mmoja na risiti imeandikwa kabisa ukifungua mfuniko imekufa, kwa hiyo pulizia vumbi litoke kupitia matundu ya nyuma, skrubu usiziguse mpaka mwaka uishe.