Hodhi zuri, tundu upande usio wake: uzoefu wangu wa kuagiza hodhi la kuogea hadi Lamu

Nilidhani siku zikipita ningeweza kuandika habari hii kwa utulivu, lakini kila nikimshika Mama mkono ili avuke ukingo wa hodhi letu, hasira hunipanda upya. Kwa hiyo naanza na hukumu. Duka lililoniuzia, ambalo liko Malindi, sitalikanyaga tena, na yeyote wa Lamu anayetaka kununua hodhi la kuogea kutoka bara asitoe hata shilingi moja kabla halijafunuliwa kutoka katika boksi na yeye, au mtu anayemwamini, akaona kwa macho yake tundu la kutolea maji liko upande gani.

Tulitaka hodhi kwa ajili ya Mama. Magoti yake yamechoka, na akiyaloweka katika maji ya uvuguvugu hupata nafuu ya kumwezesha kulala usiku. Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, huku mtaa wa Mkomani, na chumba cha kuogea kiko ghorofani, kwa hiyo uchaguzi haukuwa wa rangi wala urembo. Hodhi la chuma cha kusubu kwa kawaida huzidi kilo 100 likiwa tupu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukijumlisha na mwili wa mtu, huo ni mzigo ambao sikuwa tayari kuzitwika boriti zilizobeba sakafu ile tangu kabla bibi yangu hajazaliwa. Niliamua kuchukua la akriliki, aina ya plastiki ngumu, jepesi, fupi, lisilomeza maji mengi, kwa sababu maji yetu hutoka katika visima vya Shela, kijiji jirani kisiwani hapa, na tangi la juu halijai kila tunapotaka. Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa ukingo: nilitaka uwe wa chini kabisa, ili Mama ainue mguu mmoja kisha wa pili, aingie mwenyewe bila kushikwa na mtu.

Anayezijua nyumba zetu anajua pia kwamba urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, na mara nyingi hauzidi mita 3. Hodhi letu lilipaswa kukaa kwenye nafasi moja tu, kati ya kuta mbili, likiegemea ukuta wa nyuma. Kona ya kulia ndipo palipokuwa na birika, lile tangi la kujengewa la maji ya kuogea, na ndipo maji machafu yanapotokea. Wazee waliojenga walianza na njia ya maji kabla ya kuweka birika, kisha wakafuga visamaki ndani yake ili vile viluwiluwi vya mbu. Hawakufanya kazi kwa kubahatisha. Katika kona hiyo sakafu ina shimo ambamo lile bomba lililopinda la kuzuia harufu lingeingia lote, na hodhi likakaa chini sakafuni.

Nilimweleza muuzaji haya yote kwa simu, nikamtumia picha na vipimo, naye akanirudishia maneno yangu mwenyewe: tundu liwe kulia kwa mtu anayelitazama hodhi kutoka mbele. Kwenye risiti yameandikwa maneno mawili, "tundu kulia", kwa mkono wake. Nililipa bei yote pamoja na usafirishaji.

Mzigo ulikuja kwa lori hadi Mokowe, jeti ya upande wa bara, ukavuka kwa mashua wakati upepo wa kusi haujatulia, ukashushwa jetini, na mahamali wakaubeba vichwani katika vichochoro ambamo mikokoteni na punda walisimama kuupisha. Ngazi yetu ina kona kali, na pale walilisimamisha hodhi wima, mmoja juu na wawili chini, wakalipitisha bila kulikwaruza hata mara moja. Nawashukuru hapa kwa sababu katika safari nzima ya hodhi lile wao peke yao walilishika kama mali ya mtu. Tulipolifunua chumbani, fundi aliinama, akapitisha kidole kwenye tundu, akaniangalia bila kusema kitu. Lilikuwa kushoto.

Nilimpigia muuzaji pale pale. Nilimsalimu, akaitikia vizuri, nikamwambia, "Kaka yangu, hodhi limefika salama, lakini tundu liko kushoto, nasi tuliandikiana kulia."

Akacheka. "Dada, hodhi ni hodhi. Ligeuze tu."

"Nikiligeuza, ubavu wake wa mbele utatazama ukutani, na upande usiomaliziwa utatazama mlangoni."

"Basi mwambie fundi wako atafute njia. Nyinyi wa kisiwani mna maneno mengi. Mzigo ukishavuka maji haurudi." Akakata simu.

Kosa la kupakia naweza kulisamehe. Maboksi ya hodhi la kulia na la kushoto hufanana, na huenda kijana wa ghalani alichukua lililokuwa karibu. Ninachoshindwa kukimeza ni kile kicheko, na ile "nyinyi wa kisiwani", kana kwamba kuishi ng'ambo ya maji kunampunguzia mtu haki ya kupewa alicholipia. Angesema neno moja la pole, huenda nisingeandika haya.

Fundi alitafuta njia kweli, maskini, lakini njia ina gharama. Bomba la maji machafu haliendi kwa kutakiwa. Linahitaji mwinamo wa sentimita 2 hivi kwa kila mita, na sasa lilibidi lisafiri urefu wote wa hodhi kutoka kushoto hadi kulia. Kuchimba sakafu haikuwezekana, kwani chini ya chokaa ni mawe na boriti, na fundi mwenye akili hapitishi patasi hapo. Upande wa kushoto hakuna shimo la kulipokea lile bomba lililopinda. Ikabidi hodhi liinuliwe juu ya tuta la mawe mepesi na chokaa, fundi akilipima kila mara kwa pimamaji, na tuta lilipokamilika ukingo ule niliouchagua kwa uchungu wote ule ulikuwa umepanda zaidi ya shubiri moja. Tukaongeza kidaraja cha kupandia mbele yake. Mama hawezi kukipanda peke yake.

Nikisema hodhi lenyewe ni baya nitakuwa nadanganya. Linahifadhi joto kuliko nilivyotarajia: maji ya tangi la darini, ambayo alasiri huwa yamepashwa na jua, hubaki na uvuguvugu hadi Mama atosheke. Mgongo wake una mteremko mzuri wa kuegemea, halitelezi, na chumvi ya hewa yetu, ambayo imekwisha kulifanya bomba jipya la mkononi liote madoa ya kijani, haijaligusa. Mama analipenda. Baada ya kuoga hushuka kwa hatua ambazo sijaziona kwake tangu miaka kadhaa iliyopita. Kwa aina ya nyumba zetu, la akriliki, fupi, lenye ukingo wa chini, ndilo ningechagua tena, na nitamshauri jirani achague hilo hilo.

Lakini tukilinunua ili mtu mzima apate kuoga kwa staha yake mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, na leo lazima nisimame ndani kumshika kwapa, basi nimeuziwa kitu kingine. Nilikuwa karibu kulipa duka sifa ya bidhaa nzuri. Hapana. Bidhaa ni ya kiwanda. La duka lilikuwa kusoma maneno mawili kwenye risiti ya duka lenyewe.

Sidai hodhi libadilishwe, maana tuta limekwisha kushika na sitaki nyundo tena juu ya boriti zile. Nadai gharama ya mawe, chokaa na ufundi, pamoja na bei ya vishikio viwili vya ukutani ambavyo sasa hatuwezi kuvikosa. Ujumbe wangu wa mwisho muuzaji aliusoma na hakujibu. Risiti ninayo, picha ninazo, na binamu yangu anayeshuka Malindi wiki hii amekwisha chukua nakala zake ampelekee mwenye duka mkononi, si yule aliyecheka.