Tathmini: Kiwanja cha Stesheni ya Capitol Hill, Seattle, Baada ya Treni Kufika

Stesheni ya Capitol Hill, katika jiji la Seattle nchini Marekani, ilifunguliwa tarehe 19 Machi 2016 pamoja na kipande cha reli nyepesi cha takribani kilomita 5 kinachounganisha katikati ya jiji na Chuo Kikuu cha Washington. Kipande hicho kilimalizika miezi 6 kabla ya wakati na kwa gharama iliyo chini ya bajeti yake ya dola bilioni 1.9, jambo lisilo la kawaida katika ujenzi wa reli. Hata hivyo, ninachokitathmini hapa si treni, bali majengo yaliyosimama juu ya ardhi iliyobaki baada ya wachimbaji kuondoka, kwa sababu abiria huitumia treni kwa dakika chache tu, ilhali ardhi hiyo mtaa utaishi nayo kwa vizazi.

Ardhi hiyo ilipatikana kwa njia ngumu. Stesheni iko chini sana, takribani mita 20, na ili kuichimba, Sound Transit, ambalo ndilo shirika la umma linalojenga na kuendesha reli hiyo, lililazimika kununua na kubomoa maduka na nyumba kando ya barabara ya Broadway, sehemu yenye pilikapilika kuliko zote mtaani. Ubomoaji ulifanyika mwaka 2009. Kazi ya chini ilipokwisha, milango ya stesheni na mitambo ya kupitisha hewa ilihitaji sehemu ndogo tu ya eneo lile, na viwanja vilivyosalia vikawa ziada ambayo shirika lingeweza kuiuza kwa yeyote mwenye fedha.

Sifa ya kwanza ya mradi huu ni kwamba halikufanya hivyo. Wakazi na wafanyabiashara wa mtaa walikuwa wamejipanga mapema na kudai kusikilizwa, na mwaka 2013 jiji na shirika la reli walitia saini makubaliano yaliyoeleza kile kitakachojengwa: urefu wa majengo, kiasi cha nyumba za bei nafuu, na uwanja wa wazi katikati. Wajenzi waliwasilisha maombi yao wakiwa wanayajua masharti hayo. Mwaka 2015 ilichaguliwa kampuni ya Gerding Edlen, ikishirikiana na taasisi ya nyumba isiyo ya kibiashara ambayo leo inaitwa Community Roots Housing. Viwanja vya majengo ya kibiashara vilikodishwa kwa mikataba ya miaka 99 badala ya kuuzwa moja kwa moja, na hapo ndipo ninapoutolea mradi alama za juu kabisa. Ardhi iliyo mlangoni mwa stesheni hupanda thamani kwa sababu umma umegharamia reli, na mwenye kukodisha hubaki na haki ya kuirudia, lakini aliyekwisha kuuza hana lake tena.

Matokeo yake ni majengo 4 ya ghorofa 7 yenye fleti 428, ambapo takribani asilimia 40 ni za bei nafuu. Jengo la Station House peke yake lina fleti 110, zote zikiwa za watu wenye kipato kisichozidi asilimia 60 ya kipato cha kati cha eneo (yaani kiwango ambacho nusu ya kaya hupata zaidi yake na nusu chini yake), na baadhi zimetengewa wenye kipato cha chini zaidi ya hapo. Lina pia ukumbi wa mikutano ambao watu wa mtaa wanaweza kuutumia. Nimelipenda kwa sababu halina dalili ya kuwa jengo la watu wa chini: limesimama kwenye kiwanja kilekile, karibu na mlango uleule wa stesheni, na mpita njia asiyeambiwa hawezi kutofautisha wapangaji wa ruzuku na wapangaji wa bei ya soko. Miradi mingi ya aina hii huzisukuma nyumba nafuu nyuma kabisa, mahali pasipotamanika.

Kuhusu uwanja wa katikati, nina maoni mchanganyiko. Kinjia kilicho upande wa kusini kimepewa jina la Barbara Bailey, aliyekuwa mwenye duka la vitabu mtaani hapo, na Jumapili soko la wakulima hujaza sehemu hiyo. Kwenye uwanja imesimama sanamu ya msanii Christopher Paul Jordan, alama ya X yenye urefu wa takribani mita 6 iliyoundwa kwa spika zilizopangwa, ambayo ni sehemu ya njia ya kumbukumbu ya waliofariki kwa UKIMWI inayoelekea katika bustani ya Cal Anderson. Hiyo si pambo la kuokotwa tu, kwani bustani yenyewe ina jina la mbunge wa jimbo aliyefariki kwa ugonjwa huo mwaka 1995, na mtaa huu ulizika watu wengi. Mtu anayetoka chini, ambako ndege mbili za kivita zilizokatwakatwa na kupakwa rangi zinaning'inia juu ya jukwaa la kusubiria treni zikitazamana kama zinataka kubusiana, akapanda hadi kwenye spika zile, hupata hisia kwamba mahali hapa pana wenyewe. Ila siku zisizo za soko uwanja hupungukiwa na shughuli, na kwa kuwa umebanwa na kuta za ghorofa 7 katika jiji la kaskazini kiasi kile, jua la miezi ya baridi halikai. Msanifu wa majengo aliyeupa uwanja nafasi finyu upande wa kusini alipaswa kuliona hilo mezani kwake.

Maduka ya chini ni sehemu dhaifu. Mtaa ulitaka sana duka la vyakula, na lililotangazwa kwanza lilijiondoa kabla majengo hayajakamilika; baadaye kampuni ya H Mart ndiyo iliyochukua nafasi. Ni afadhali kuliko vioo vitupu, lakini makubaliano yaliyokuwa makini hivyo kuhusu nyumba yalizungumza kwa sauti ya chini kuhusu maduka.

Kasoro kubwa zaidi ni muda. Treni ilianza kupita Machi 2016, ilhali ujenzi wa majengo ulianza 2018 na wapangaji wa kwanza wakaingia 2020. Ukihesabu tangu ubomoaji, kitovu cha Broadway kilikaa zaidi ya miaka 10 kikiwa shimo na uzio, na biashara za jirani zilizotegemea wapita njia zilibeba hasara hiyo bila kupata sehemu yoyote ya faida iliyokuja baadaye.

Kwamba inawezekana kufanya haraka zaidi kunaonekana katika mtaa wa Roosevelt, kwenye njia hiyohiyo. Stesheni yake ilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 2021, na jengo la Cedar Crossing lenye fleti 254, zote za bei nafuu, likapokea wapangaji mwaka uliofuata. Katikati ya miradi hiyo miwili ilipita sheria ya jimbo ya mwaka 2015 inayolitaka shirika kuvitoa kwanza asilimia 80 ya viwanja vyake vya ziada vinavyofaa kwa makazi kwa wajenzi ambao asilimia 80 ya nyumba zao zitakuwa za watu wenye kipato kisichozidi asilimia 80 ya kipato cha kati, na kuliruhusu kushusha bei ya ardhi hata chini ya ile ya soko. Roosevelt imeshinda kwa kasi na kwa idadi ya nyumba nafuu. Capitol Hill inaishinda kwa mchanganyiko wa wakazi, kwa uwanja wake, na kwa umbali mfupi mno kati ya mlango wa nyumba na mlango wa treni.

Kwa jumla ninaipa Capitol Hill alama 4 kati ya 5, na ile moja inayopungua ni ya miaka iliyopotea. Anayetaka kuukagua mradi mwenyewe aende Jumapili wakati wa soko, atokee mlango wa kusini, kisha arudi siku ya kazi asubuhi ili auone uwanja ukiwa hauna meza za wakulima.