Padi ya dashibodi ya gari la kale: ipi ununue, ipi uiache

Dashibodi iliyopasuka humkera mwenye gari la kale kuliko kasoro nyingine yoyote ya ndani, maana ndiyo anayoitazama muda wote akiwa kwenye usukani. Tena huja hata kwa gari lililotunzwa vizuri. Padi ni ule mto wa sponji unaofunika dashibodi juu ya fremu ya chuma au plastiki. Ngozi ya juu ya padi nyingi ni vinili, plastiki inayofanana na ngozi, iliyolainishwa kwa kemikali, na jua na joto huzitoa kemikali hizo kidogokidogo mwaka hadi mwaka. Ule utando wa mafuta unaojipaka ndani ya kioo cha mbele, unaorudi hata ukiusafisha, kwa sehemu hutokana na hizo. Gari likiegeshwa juani, dashibodi hupita nyuzi joto 70 bila shida. Vinili ikikauka husinyaa, lakini chini yake kuna fremu isiyosinyaa, kwa hiyo lazima ipasuke mahali. Huanzia palipokatwa: kwenye kona za tundu la hewa ya kioo, kandokando ya wavu wa spika, au kwenye tundu la skrubu.

Njia za kuitibu ni nyingi, na wauzaji husifu kila moja. Mimi nimezipanga kwa kutanguliza kipimo kimoja: ukishaifuata njia hii, unaweza kurudi nyuma? Padi yako ya zamani, hata ikiwa imechanika vibaya, ina fremu iliyotoka kiwandani ikiwa na mikunjo na matundu ya gari lako hasa. Njia nzuri ni ile inayoitumia fremu hiyo au inayokuachia uiweke stoo. Njia mbaya ni ile inayoiharibu ili kuficha ufa.

Kabla ya kutoa hela

Bonyeza padi kwa kidole gumba, sentimita chache kutoka kwenye ufa. Ikizama kisha ikarudi polepole, sponji bado ni hai. Ukisikia kitu kinasagika chini ya kidole na shimo likabaki, sponji imekwisha, na chochote utakachobandika juu kitakaa kwenye unga. Piga tochi ndani ya ufa pia. Sponji nyingi za zamani zilikuwa za rangi ya krimu au njano. Ikigeuka kahawia iliyoiva na kumeguka, hapo hakuna cha kuokoa isipokuwa fremu. Inua kidogo ukingo wa ufa uone kama fremu ya chuma imeshika kutu, hasa karibu na kioo, kwa sababu maji yanayovuja kwenye mpira wa kioo huishia hapo.

Kisha jua gari lako ni la mwaka gani hasa. Hapa ndipo watu hupoteza hela nyingi. Padi hazikuanza kwa kila gari wakati mmoja. Ford waliziuza kama nyongeza ya hiari kwenye magari yao ya 1956, na Marekani ilipoanza kutumia kanuni namba 201 ya usalama wa ndani ya gari, tarehe 1 Januari 1968, watengenezaji wengi walilazimika kubadili dashibodi za magari waliyouza huko. MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, ni mfano mzuri: za soko la Marekani kuanzia modeli ya 1968 zilipewa padi kubwa nene, wakati zile za Uingereza zilibaki na dashibodi ya chuma. Volkswagen kobe wa kawaida ana dashibodi ya chuma bapa, lakini kobe wa toleo la 1303 lililotoka mwaka 1972 ina dashibodi kubwa ya plastiki na kioo kilichopinda. Jina ni lile lile, padi ni mbili tofauti kabisa.

Kwa hiyo usiagize kwa jina la gari. Agiza kwa namba ya chesi na mwezi wa kutengenezwa, na umwambie muuzaji mambo matatu: usukani uko upande gani, gari lina kiyoyozi cha kiwandani au halina, na spika iko wapi. Padi nyingi mpya hutengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, yaani usukani wa kushoto. Mwenye usukani wa kulia aulize mara mbili.

Nafasi ya kwanza: padi yako mwenyewe, kuvikwa upya kwenye karakana maalum

Unaituma padi kwa karakana maalum. Wao huvua vinili na sponji yote, husafisha fremu na kuitibu kutu, humimina sponji mpya kwenye umbo sahihi, kisha hupasha moto karatasi nzima ya vinili na kuifyonza kwa pampu ya hewa mpaka ishike kila mkunjo. Ndiyo maana haina mshono, na ikifanywa vizuri huwezi kuitofautisha na ya kiwandani. Matundu ya skrubu yako palepale, kwa sababu fremu ni ileile.

Shida ni muda na uaminifu. Gari litakaa bila dashibodi kwa wiki au miezi, na unamkabidhi mtu kitu ambacho pengine hakina kingine. Ipige picha pande zote, pima urefu kutoka tundu la kwanza la skrubu hadi la mwisho, na uandike namba yako ya simu nyuma ya fremu kwa kalamu ya rangi isiyofutika. Ifungie kwenye sanduku la mbao au katoni mbili, moja ndani ya nyingine. Omba sampuli ya vinili kabla ya kazi kuanza, uilinganishe na kipande cha dashibodi yako kilichokuwa kivulini, kama kile kilichofichwa na saa au geji. Linganisha chembe, yaani vijimikunjo vya uso wa vinili vinavyoiga ngozi, si rangi tu. Rangi inaweza kurekebishwa baadaye. Chembe ikishakosewa, imekosewa.

Kwa Datsun 240Z, gari ambalo dashibodi yake inajulikana dunia nzima kwa kupasuka, na kwa magari yote yaliyotengenezwa kwa idadi ndogo, mimi nisingetafuta njia nyingine mpaka nihakikishe hii haiwezekani.

Nafasi ya pili: padi mpya iliyotengenezwa kwa kuiga ya kiwandani

Kama una Mustang ya miaka ya 1960 au gari jingine lenye mashabiki wengi, hii inaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza. Inakuja kamili, unafungua ya zamani unafunga mpya, na ya zamani unaihifadhi. Lakini padi hizi za kuiga hazilingani kwa ubora. Nzuri ina fremu ya chuma ndani, sponji iliyomiminwa na vinili iliyoshikana nayo. Dhaifu ni sponji nyembamba juu ya plastiki inayopinda. Uliza uzito wake na uulinganishe na wa padi yako. Ikiwa nyepesi mno, kuna kitu kimepunguzwa.

Uliza pia kama inakuja na boliti zake za chini zikiwa zimeshaungwa, na matundu ya hewa yakiwa yamekatwa. Kukata tundu mwenyewe kwa kisu ndiyo njia ya haraka ya kuanzisha ufa mpya, maana kona kali huchanika. Ikilazimu kukata, toboa kwanza tundu dogo la duara kila kona, kisha unganisha.

Nafasi ya tatu: fundi wa viti

Fundi hodari wa kushona viti vya magari anaweza kuivika padi yako vinili mpya au ngozi halisi. Ni njia ya bei nafuu kiasi, na kwa dashibodi zenye umbo rahisi hutoa kazi nzuri sana. Kwa dashibodi yenye mabonde na vilima lazima kuwe na mishono, na gari ambalo halikuzaliwa na mishono litaonekana limebadilishwa. Wapo wanaoipenda hiyo sura. Anayetaka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani aiache.

Swali la kumuuliza fundi ni moja: anatumia gundi gani? Gundi ya kawaida ya kupuliza huachia kwenye joto la dashibodi, na vinili huanza kuinuka kwanza kwenye mabonde, pale geji zilipozama. Anatakiwa awe na gundi ya joto kali, ya kupaka pande zote mbili. Ngozi halisi ina tatizo lake zaidi: jua huisinyaza, na ukingo ulio karibu na kioo huvutika taratibu mpaka ubanduke. Kwa gari linalolala nje, chukua vinili.

Kabla hajavika, nyufa lazima zijazwe kwa kitu kinachonepa. Ukimwona anachukua putiri ya bodi, ile ya kuziba mabonde kabla ya kupaka gari rangi, mzuie. Padi iliwekwa ili kichwa kikigonga kipate pa kuzama. Putiri ngumu inaondoa kazi hiyo, na yenyewe itapasuka kwa sababu vinili inatanuka na kusinyaa huku yenyewe haisogei. Povu la kuzibia madirisha ya nyumba nalo halifai, kwani huendelea kuvimba baada ya kufunikwa.

Nafasi ya nne: padi ya mtumba

Ni bahati tu. Padi iliyotoka kwenye gari lililooza ina umri sawa na yako, na usafiri peke yake unaweza kuipasua. Inunue kama umeishika kwa mkono wako, au kama unataka fremu ya kupeleka kwa karakana bila kuligusa gari lako. Kwa kazi hiyo ya pili ni ununuzi mzuri kweli.

Nafasi ya tano: gamba la plastiki

Hili huuzwa sana, na ndilo ninaloomba ulifikirie mara mbili. Ni ganda jembamba lililofinyangwa, unalibandika kwa silikoni juu ya dashibodi iliyopasuka. Mchana mmoja kazi imekwisha, na kwa mbali linapendeza. Kwa karibu utaona ukingo uliopanda juu ya geji na mlango wa droo unaosugua. Ukibonyeza, ni gumu. Silikoni ikishashika, kulitoa ni kung'oa vinili na sponji pamoja nalo, na fremu iliyokuwa nzuri inaweza kupinda. Linafaa gari la kazi za kila siku ambalo hutaki kulirejesha. Ukilichagua, safisha kwanza mafuta yote ya kung'arishia yaliyopakwa miaka nenda rudi, la sivyo gundi haitashika.

Tahadhari mbili zinahusu njia zote za kufunika. Baadhi ya magari yana kibati cha namba ya chesi juu ya dashibodi, kinachosomeka kupitia kioo. Usikifunike wala usikitoe, kwani kukigusa ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Na kama gari lako ni la mwisho wa miaka ya 1980 au 1990 na lina mfuko wa hewa upande wa abiria, usibandike chochote juu ya mlango wake.

Zulia la dashibodi nimeliweka mwisho, ingawa silidharau. Halitibu kitu, lakini halibandikwi, linazuia jua, na linaondoka ukitaka. Ni la kununua leo, wakati unaweka akiba ya kazi kubwa.

Padi mpya ikifika

Ijaribu kabla ya kuipaka rangi, kwa sababu muuzaji hataipokea tena ikishapakwa. Iache juani saa moja ilainike, tenganisha betri, piga picha kila waya wa geji, halafu ifunge kwa skrubu za katikati kwanza ukielekea pembeni, bila kukaza hata moja mpaka zote zishike. Kwenye baadhi ya magari, Porsche 911 za zamani zikiwemo, kazi huwa rahisi sana kioo cha mbele kikitolewa, kwa hiyo panga siku moja na kubadili mpira wa kioo kama nao umechoka. Rangi ya vinili iwe isiyong'aa: dashibodi yenye kung'aa, au yenye rangi nyeupe, hujirudisha kwenye kioo jua likiwa mbele yako, na utaendesha ukitazama kivuli cha padi badala ya barabara.