Mkanda wa shingo na kipira cha taya: miezi minne ya kuvitumia

Vifaa hivi nilivinunua pamoja baada ya kupigwa ngumi ya pembeni mazoezini, kichwa kikageuka ghafla hadi nikaona giza. Sikuanguka, ila shingo iliuma siku tatu. Kimoja ni mkanda wa kuvaa kichwani, wenye mnyororo wa kuning'iniza vyuma. Kingine ni kipira cha silikoni cha kuuma kwa meno, eti taya ikikomaa ngumi haikuzimishi.

Mkanda ndio ulionifaa. Nilianza na kilo 2.5, na nawasihi wanaoanza wasizidishe hapo, kwani kichwa chenyewe kina karibu kilo 5. Nakaa kwenye benchi, nainama kidogo, mikono magotini, nashusha kidevu taratibu hadi karibu na kifua, kisha nainua. Mara 20, raundi tatu, siku mbili kwa wiki. Kukurupuka hapa ni kujiumiza. Shingo haipendi kushtuliwa.

Maelezo ya kwenye boksi hayasemi kwamba ukikaa hivyo, mkanda unafanyisha kazi misuli ya nyuma tu. Ya mbele na ya pembeni, inayosaidia kuzuia kichwa kisizungushwe, inabaki vilevile. Mwezi mzima ulipita kabla sijagundua. Sasa nalala chali, kichwa nje ya benchi, navuta kidevu kifuani bila uzito wowote. Pembeni nasukuma kichwa dhidi ya kiganja changu, sekunde 10 kila upande. Ukamba unaopita juu ya masikio nao ulinichubua, nikaushonea kitambaa laini.

Tofauti niliiona kwanza kwenye mieleka, mwezi wa tatu. Mtu akinishika kisogo anivute chini, siinami tena kirahisi. Kwenye ngumi, kichwa hakipepesuki kama zamani, ingawa bado nakwepa. Hakuna shingo inayomfanya mtu asizimike.

Kipira sikipendekezi kabisa. Kinachomzimisha mpiganaji ni kichwa kuzunguka kwa kasi na ubongo kutikisika ndani ya fuvu, na kidevu ni kama mpini wa kukizungushia. Misuli ya kutafunia, hata iwe minene vipi, haishiki kichwa. Kazi hiyo ni ya shingo. Wiki mbili za kutafuna zilitosha: kiungo cha taya, hapo mbele ya sikio, kikaanza kulia kila nikipiga mwayo, na asubuhi nikawa naamka kimekakamaa. Daktari wa meno akaniambia niache, nikaacha, mlio ukaisha baada ya kama mwezi. Kwa taya, sasa naing'ata kinga ya meno sawasawa, nafunga mdomo na kushusha kidevu. Basi.

Mkanda umefika kilo 10. Nauvaa baada ya mazoezi, kamwe si kabla, maana shingo iliyochoka si ya kupanda nayo ulingoni.