Kuuza wako chap, ikiharibika hawakujui

Naandika hii hasa kwa wenzangu mlioko Uingereza maana hili duka, jina silitaji, ni moja ya yale makubwa yenye matawi kila mji, wengi tunanunua hapo friji, majiko, maikrowevu na kwa kuuza kwa kweli hawana shida, unaagiza leo kesho wako mlangoni, vijana wanaoleta mzigo wana adabu, wanaunganisha na mabomba na mashine kuukuu wanaondoka nayo ukilipia. Shida inakuja kitu kikishakaa kaa.

Mashine yangu ya kufulia niliinunua hapo pauni 429, sasa ina miaka 3, waranti ilikuwa ya mwaka mmoja. Ikaanza kunguruma ikifika kwenye kukamua, yaani ukiwa chumbani unadhani helikopta inatua jikoni. Nikapiga kasitama kea. Dada aliyepokea hata sijamaliza kueleza ananiambia waranti imeisha, wapigie waliotengeneza. Haya, nikawapigia, nao wakasema fundi wanaye ila wa kulipia, au nijiunge na mpango wao wa kulipa kila mwezi ndo watakuja. Kitu kishakufa mnaniambia nikikatie bima, jamani!

Wengi tunaishia hapo, tunanunua nyingine. Sasa sikilizeni. Waranti ni ahadi ya aliyetengeneza, anaipanga anavyotaka yeye. Haki yako kwa ALIYEKUUZIA ni kitu kingine kabisa, iko kwenye Consumer Rights Act ya 2015, yaani sheria ya haki za mnunuzi, na haifi siku waranti inapokufa. Sheria inataka kitu kiwe na ubora wa kuridhisha na kudumu ni sehemu ya huo ubora, ukiangalia bei uliyolipa na jinsi kilivyonadiwa, ndo maana friji ya pauni 900 haiwezi kupimwa sawa na birika la umeme la pauni 15. Unaweza kudai mpaka miaka 6 kwa England, Wales na Ireland ya Kaskazini, Scotland ni 5. Ila msije mkaenda kaunta mnasema kila kitu kina garantii ya miaka 6, nimeshawasikia watu wakisema hivyo na wanachekwa, hiyo 6 ni mwisho wa kupeleka madai, haimaanishi kila mashine lazima ifike huko.

Muda nao una ngazi zake. Siku 30 za kwanza ikionekana mbovu unarudisha unapewa hela yote. Mpaka miezi 6 ubovu ukijitokeza wao ndo wanatakiwa waonyeshe kwamba haukuwepo toka mwanzo. Ikipita miezi 6 kibao kinageuka, wewe ndo unathibitisha, na hapo ndo hili duka linapokukamatia maana wanajua watu tuna shifti, tuna watoto, nani ana muda.

Nikapiga tena nikaomba meneja. Huyu akaniambia sera ya kampuni ni mwaka mmoja. Nikamwambia bwana, mkataba wangu ni na nyinyi, na sera yenu haipandi juu ya sheria. Kimya, kisha akarudia sera. Nyumbani tumezoea risiti imeandikwa kabisa bidhaa ikishauzwa hairudishwi na tunakubali yaishe, huku duka likijiandikia hivyo kwa kitu kibovu halina nguvu yoyote. Nikaachana na simu nikaandika imeili, nikataja sheria, tarehe niliyonunua, tatizo lenyewe na ninachotaka. Lugha ikabadilika wallahi! Kwenye simu ilikuwa "haiwezekani", kwenye maandishi ikawa "tafadhali leta ripoti ya fundi huru". Kwa hiyo simu zao msipoteze nazo muda.

Fundi nikamtafuta mwenyewe, pauni 70 na ripoti. Akafungua, akanionyesha: sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia maji, imeachia, maji yakaingia kwenye beringi inayozungushia ngoma, kutu tupu. Beringi yenyewe ni ya pauni chache tu lakini tangi la hii mashine ni plastiki iliyogandishwa moja kwa moja kiwandani, halifunguki, kwa hiyo unabadilisha tangi zima na ngoma yake na bei inakaribia mashine mpya. Sijui nani alikaa akaona hilo ni wazo zuri, zamani fundi yeyote wa mtaani angegonga beringi mpya jioni moja ikaisha. Muhimu mkimwita fundi asiandike tu "mashine imekufa", aandike SABABU. Wangu aliandika sili imeshindwa mapema, hakuna dalili ya kujaza nguo kupita kiasi wala matumizi mabaya, na kwa maoni yake ni udhaifu wa kifaa. Hiyo sentensi moja ndo iliyonilipa.

Duka wakasema basi tutatengeneza, wana haki ya kupewa nafasi hiyo kwanza sikatai, kisha wao wenyewe wakaona gharama haina maana. Wakaja na vocha ya pauni 100 ya kununulia hapo hapo kwao. Nikacheka. Ikipita miezi 6 wanaruhusiwa kukata kiasi kwa muda uliotumia lakini sheria haina hesabu iliyopangwa, ni kubishana. Hoja yangu ilikuwa mashine ya bei ile mtu anaitegemea miaka 7 hivi, mimi nimetumia 3, kwa hiyo iliyobaki ni kama pauni 245. Wakanyamaza mpaka nilipowaandikia barua ya siku 14 kwamba baada ya hapo nakwenda madai madogo mahakamani (England na Wales wanapokea mpaka pauni 10,000). Wakatoa 215 na ile 70 ya fundi. Nikachukua, nguo zilishakuwa mlima. Wakataka tena pauni 25 za kuja kuibeba mbovu, nikakataa, kitu ulichokikataa kwa ubovu gharama ya kukirudisha ni yao, na walivyoona nimeandika hivyo hawakubisha.

Mimi nililipa na kadi ya kawaida ya benki. Ukilipa na kadi ya krediti kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000 kampuni ya kadi nayo inawajibika, unaweza kuwadai hao hata duka likifilisika. Na kabla ya yote ingiza namba ya modeli mtandaoni uone kama imeitwa irudi kwa usalama, Whirlpool kati ya 2019 na 2020 waliita mashine za kukaushia nguo na za kufulia kwa malaki kwa hatari ya moto, ikiwa hivyo duka na mambo ya umri tupa kule, unashughulika na mtengenezaji moja kwa moja. Yangu haikuwemo.

Ile waranti ya nyongeza wanayokubandika ukilipa, kwangu mimi hapana. Pauni 5 kwa mwezi kwa miaka 3 ni 180 kwa mashine ya 429. Labda kwa mwenye watoto wanaoning'inia kwenye mlango.

Na mnaojaza kontena kwenda Dar au Mombasa, friji ikishapanda meli haki unayo kwenye karatasi tu, nani atairudisha dukani, kwa hiyo iwasheni siku kadhaa kabla ya kufunga mzigo. Ukinunua yuzdi, yaani kitu kilichotumika, kwa mtu binafsi nako unachodai ni kwamba iwe kama alivyoieleza, kwa hiyo tunza meseji zake. Yuzdi ya dukani haki ni zile zile ila umri na bei vinaangaliwa.

Nyota: kuuza na kuleta 5. Ubovu baada ya waranti 2, hiyo ya pili nawapa kwa sababu mwishoni hela iliingia kweli. Mashine mpya nimenunua kwingine, kwa hapo narudi kwa birika na pasi tu.