Petite Barrière ya Goma kipindi hiki cha vita: tathmini kwa anayevuka kwa miguu na mzigo

Kwa mtu mwenye mikono mitupu, Petite Barrière bado ni huduma nzuri. Kwa mzigo ni ya wastani, na sehemu kubwa inategemea mwenye mzigo anajua nini kabla hajafika dirishani. Kwa hela ni mbovu, na hapo ndipo wachuuzi wengi wanapoacha faida ya siku nzima. Inafaa kupimwa kama huduma yoyote ya kulipia, kwa sababu tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe mwishoni mwa Januari 2025, na benki za mjini zifunge milango wakati huo huo, kipande hiki kidogo cha barabara kati ya Birere, mtaa wa Goma, na Gisenyi ya Rwanda kimekuwa soko, benki na mlango wa dharura wa mji mzima.

Tusichanganye mipaka miwili. Grande Barrière, ile ya kando ya ziwa, ni ya magari, mashirika na wageni wenye paspoti. Petite ni ya miguu: mama mwenye kapu la karoti kichwani, kijana mwenye kuku mkononi, mwanafunzi, fundi, mgonjwa anayetafuta dawa. Anayekwenda Grande na gunia la vitunguu begani anajitafutia foleni isiyo yake.

Jetoni ni karatasi ya siku moja. Anapewa mkaaji wa mji wa mpakani anayeonyesha kitambulisho, na kwa Mkongomani wa kawaida kitambulisho hicho ni kadi ya mpiga kura, yenyewe kabisa, si fotokopi. Jetoni inamruhusu kuzunguka mji jirani na kurudi siku hiyo hiyo. Haimfikishi Musanze wala Kigali. Huko kunahitaji lesepase (hati ya kusafiria) ya CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya Kongo, Rwanda na Burundi, au paspoti. Kosa linalojirudia ni la mchuuzi anayesikia kwamba bei ni nzuri zaidi mbele, anapanda basi na jetoni yake mfukoni, kisha anasimamishwa njiani. Mbele ya sheria huyo ni mtu aliyeingia nchi bila kibali, hata kama pale mpakani alipita akisalimiana na askari.

Saa za kufungua ndizo udhaifu mkubwa wa huduma hii, kwa kuwa zinafuata hali ya usalama, hazifuati kalenda. Agosti 2019, wakati wa Ebola, Rwanda ilifunga kwa saa chache tu, na saa hizo zilitosha kuozesha nyanya. Machi 2020 Covid ilifunga kwa miezi mingi. Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kupigwa risasi na kufa upande wa Gisenyi, saa zilipunguzwa hadi saa tisa alasiri. Januari 2025 mji wenyewe ulikuwa vitani na makombora yaliangukia hata upande wa pili. Tangazo, likitoka, linakuta watu wako barabarani. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya anayeuza vitu vya kuoza, iwe maziwa, nyanya au mboga, ni kununua mzigo wa siku moja, hata kama bei ya jumla inavutia. Ya pili ni kutoacha mtaji wote kwenye depo ya ng'ambo. Wengi walifanya hivyo ili wasitozwe mara nyingi, na mpaka ulipofungwa wakabaki kuangalia kilima cha Gisenyi kwa macho.

Hata hivyo mpaka huu umeokoa watu pia. Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, maelfu walivukia hapo bila kuulizwa karatasi. Ukiongea na mtu wa Goma kuhusu usalama wa kanda, hiyo ndiyo picha iliyo kichwani mwake: je, lango litafunguka siku ya hatari?

Sasa mzigo, maana hapa ndipo ujuzi unalipa. Kongo na Rwanda zote ni wanachama wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na COMESA ina mfumo rahisi wa biashara ndogo, ambao upande wetu unajulikana kama RECOS. Masharti yake ni matatu, na yote yatimie pamoja: bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi hizo mbili, iwe imelimwa, imefugwa au imetengenezwa ndani ya nchi za COMESA, na thamani ya mzigo isizidi kikomo kilichowekwa. Mchuuzi wa kawaida hafikii kikomo hicho hata akivuka mara nyingi kwa wiki, kwa hiyo sharti hilo halimsumbui. Linalomwangusha ni la asili ya bidhaa. Karoti na viazi vya Rwanda vinapita. Mchele wa Pakistani, sukari ya India au kitenge cha China havipiti, hata kama vimenunuliwa Gisenyi kwenye duka la Mnyarwanda na risiti ipo. Risiti inaonyesha mahali pa kununulia tu. Asili ya kitu ni jambo jingine.

Kosa la pili ni kudhani kwamba RECOS inafuta kila malipo. Inaondoa ushuru wa duane (forodha) peke yake. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, inabaki pale bidhaa inapotozwa (Kongo ni 16%, Rwanda 18%), na ukaguzi wa afya ya mimea na wanyama unabaki pia, pamoja na ada yake. Mama anayeambiwa "hii ni bure, una karatasi ya COMESA", halafu anaombwa hela ya ukaguzi wa nyama, anaona ameibiwa, wakati mwingine ugomvi unaanza na mzigo unakaa juani. Ugomvi huo usingekuwepo kama orodha ya malipo ingebandikwa ukutani kwa Kiswahili na Kinyarwanda, kwa herufi za kusomeka, kila huduma na kiasi chake.

Huduma zenye haki ya kukaa mpakani upande wa Kongo zimewekwa na sheria tangu 2002, na ni nne: uhamiaji, duane, OCC (ofisi ya kukagua bidhaa) na Hygiène (afya ya mpakani). Mtu wa tano anayenyoosha mkono, awe na kofia, gwanda au daftari, hayumo kwenye hesabu hiyo. Sasa hivi ofisi ziko chini ya utawala wa waasi wa AFC/M23 na waliokaa vitini wamebadilika, lakini kipimo cha mchuuzi ni kile kile: risiti yenye tarehe, kiasi na sababu. Faranga 500 zilizotolewa bila risiti zitaombwa tena hatua kumi mbele na mtu mwingine, naye atakuwa na hoja, kwa sababu huna cha kumwonyesha. Faranga 500 mara nne kwenye kapu moja la kilo 20 zinatosha kula faida yake. Anayetaka kupona na hilo apange pesa ndogo kwenye mfuko wa peke yake na asitoe pochi hadharani.

Mambo mawili ya upande wa Rwanda yanawakamata wageni kila siku. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, na 2019 marufuku ikapanuliwa hadi plastiki za kutumia mara moja. Dagaa waliofungwa kwenye vifuko vyeusi watanyang'anywa vifuko, na wakati mwingine mwenyewe atatozwa faini. Tumia kapu, ndoo yenye kifuniko au kitambaa. La pili ni mitumba. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo zilizovaliwa kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ili kulinda viwanda vyake. Bei ya Birere na bei ya Gisenyi zikaachana sana, na ndiyo sababu unaona mtu anavuka amevaa suruali tatu na makoti mawili kwenye jua. Anayekamatwa anapoteza nguo zote. Kwa hesabu ya kawaida, siku moja ya kukamatwa inafuta faida ya siku nyingi za kupita salama, na sioni kwa nini mtu mwenye mtaji mdogo aingie humo.

Mtu asiyebeba mwenyewe ana njia mbili. Chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukuma, ni nzuri upande wa Goma, kutoka Birere kwenda masoko ya ndani, lakini pale langoni kinasumbua kwa urefu wake. Njia ya pili ni baiskeli za magurudumu matatu za watu wenye ulemavu. Tazama moja ikija: dereva amekaa chini kabisa, mikono kwenye pedeli za juu, magunia yamerundikwa nyuma yake hadi kupita kichwa chake, na vijana wawili wanasukuma kwa mabega. Kwa desturi ya zamani, wenye ulemavu wanapunguziwa malipo mpakani, na hapo ndipo bei yao inapokuwa nafuu kuliko wabebaji. Mapatano yafanywe kabla ya kupakia, kwa mzigo mzima na sio kwa gunia, na yaseme nani analipa ukaguzi. Ubaya wake ni kwamba bidhaa za watu watano zinachanganyika juu ya chombo kimoja. Funga gunia lako kwa kamba ya rangi yako na uandike uzito.

Kuna pia kununua kwa kikundi, mtindo ulioshika wakati wa Covid: wachache wanavuka, wanawanunulia wenzao, gari moja linaleta. Unapunguza foleni na unapunguza hatari mapigano yakianza. Hatari yake ni ya karatasi: mizigo ya mama ishirini ikiandikwa jina moja inaweza kupita kikomo cha thamani na kutoka nje ya RECOS, halafu wote wanatozwa kama mfanyabiashara mkubwa. Dawa ni kila mmoja awe na orodha yake, jina lake na thamani yake, hata kama gari ni moja.

Hela sasa. Benki za Goma zilipofunga, watu walianza kwenda Gisenyi kutoa pesa zao, na mjini kila kitu kikahamia kwenye simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Kupokea kwa simu hakuna shida. Shida iko kwenye kutoa: wakala hana noti, au anazo na anajiongezea kamisheni juu ya ile ya kampuni. Mchuuzi anayelipwa kwa simu na kununua kwa noti anakatwa mara mbili, kwanza kwa wakala, tena kwa kambisti, yule mbadilisha fedha wa mezani, anapobadilisha kuwa faranga za Rwanda. Afadhali kutafuta muuzaji wa Gisenyi anayekubali kulipwa moja kwa moja, au kubadilishana na mwenzako anayerudi na faranga za Rwanda kwa kiwango mlichokubaliana.

Noti zenyewe zimekuwa tatizo la kila saa. Noti ndogo za Kongo zimechakaa, mpya haziji, na motari (dereva wa pikipiki ya abiria) anakataa faranga 500 iliyofubaa. Dola iliyochanika hata kidogo pembeni haipokelewi, na noti ya dola 1 karibu hakuna anayeitaka. Hesabu hela mbele ya kambisti, noti moja moja, pande zote mbili. Ukishatoka kwenye meza yake, noti iliyochanika ni yako. Usibadilishe ukiwa kwenye foleni, maana mwenye haraka ndiye anayepewa noti mbovu.

Kwa mzigo unaoendelea mbali na Goma, huduma hii siipendekezi kwa sasa. Bidhaa iliyolipiwa hapa ikipanda kuelekea Butembo au Beni inavuka mstari wa vita na kutozwa upya upande wa serikali, ambayo haitambui muhuri wa Goma. Bei ya mwisho inambana mlaji wa kule, na mchuuzi mdogo hawezi kubeba hasara hiyo.

Mikataba si kitu kinachokosekana. CEPGL ilizaliwa Gisenyi kwenyewe, Septemba 1976, makao yake yako karibu na mpaka huu, na benki yake ya maendeleo iliwekwa Goma. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia saini Washington makubaliano ya amani yenye sehemu ya kuunganisha uchumi wa kanda. Macho ya mazungumzo hayo yako zaidi kwenye madini, umeme kama wa Ruzizi III, mradi wa bwawa wenye megawati 206, na miundombinu mikubwa. Naona wameanzia mbali. Uchumi wa nchi hizi mbili umeunganishwa tayari, kila asubuhi, na wanawake wenye kapu, na wanachohitaji ni vitu vya bei ndogo: saa za kufungua zinazotangazwa mapema, orodha ukutani, noti safi, na ofisa mmoja wa habari za biashara anayekaa langoni na kumjibu mama kwa Kiswahili kabla mzigo haujashuka kichwani.

Kwa anayeanza na mtaji wa dola 50, mgao unaofaa ni huu: 30 za bidhaa, 10 za usafiri na malipo ya halali, 10 zibaki nyumbani bila kuguswa. Vuka mapema, nunua vitu vya asili ya Rwanda vinavyojulikana kwenye orodha, na urudi kabla ya saa sita, wakati foleni ya kurudi bado ni fupi na soko la Birere bado linanunua.